Mkojo Aliouleta Musa

Juzi mguu wangu ulivimba, nikapelekwa hospitali. Kijana wa maabara akanipa kikopo cha plastiki na kunionyesha choo kwa kidole, macho yake yakiwa kwenye simu. Nilipomrudishia kikopo alichovya ndani yake kijiti chenye vibandiko vya rangi, akakitazama, akaandika, akamwaga. Muda wote huo hakunitazama usoni hata mara moja. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, lakini foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu na mguu unauma, nikajiondokea. Ndiyo maana naandika. Niliyotaka kumwambia hayawezi kusemwa yote dirishani.

Sikilizeni basi, ninyi mnaosomea kazi hii. Mimi nimeifanya zaidi ya miaka thelathini, na nilianzia Mbeya, miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Hospitali yenyewe sitaitaja, kwa sababu makosa nitakayosimulia yalikuwa yangu na si yake. Nilitoka kwetu upande wa Tosamaganga na cheti changu cha shule ya misheni, nikidhani nitafanywa mganga. Wakanipa beseni nioshe chupa. Nikaosha chupa mwaka mzima. Baadaye wakaniweka chini ya Mzee Shomari, mkuu wa maabara, kwenye chumba kimoja chenye dirisha moja na hadubini moja.

Mzee Shomari alizaliwa Mbeya, lakini baba yake alikuwa mtu wa pwani aliyekuja na biashara ya nguo akaoa hukuhuku. Alivaa koti jeupe la hospitali juu ya kanzu, na kofia yake haikutoka kichwani. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, na changu, cha mtu aliyekuzwa kwa Kihehe, kilimuudhi kuliko uzembe wangu wa kazi. Siku moja nilimwambia, "Mzee, chupa mbili imevunjika." Akafumba macho. "Zimevunjika, Zakaria. Zi-me-vunjika. Haya, sasa okota vigae."

Kazi yetu kubwa ilikuwa kuchemsha mikojo. Msicheke. Mjini watu waliniita Bwana Mkojo, na kuna nyumba moja iliyokataa kuniozesha binti yao kwa sababu hiyo. Lakini nataka mjue ilivyofanyika, kwa sababu kijiti chenu kinawapa jibu bila kuwaonyesha kitu. Sisi tulijaza tyubu ya kioo karibu yote, tukaishika chini kwa vidole, tukaweka sehemu ya juu peke yake kwenye taa ya spiriti. Ya juu ikichemka, ya chini inabaki kama ilivyo, na wewe unazilinganisha mbele ya kitambaa cheusi. Figo nzima haipitishi ute ule wa damu ambao vitabu vinauita albumini. Figo iliyovimba inaupitisha, na moto unaugandisha kama unavyogandisha yai. Kwa hiyo ukiona wingu jeupe juu na maji safi chini, moyo unashtuka. Lakini usiandike kitu bado. Unatia matone machache ya siki. Wingu likitoweka, yale yalikuwa madini tu yasiyo na maana. Likibaki, ndipo ushike kalamu.

Mimi nilisahau siki. Karani mmoja wa posta alikuja na homa ndogo, nikachemsha, nikaona wingu, nikaandika kwa haraka kama mtu aliyevumbua dhahabu ya Chunya. Daktari, Mwingereza mmoja mpole asiyeuliza jambo mara mbili, akamlaza karani yule kitandani, akaamuru asiguse chumvi. Siku ya tano Shomari alipima mwenyewe. Akatia siki, wingu likaondoka lote.

Hakunifokea. Saa sita akaniletea sahani ya ugali na maharage vya wodini, visivyo na chumvi, akasema, "Kaa na karani wako mle." Nikala naye siku tano, sawa na zake. Ugali bila chumvi mtu huvumilia, tumezoea. Maharage bila chumvi ni kama kutafuna kokoto zilizoloweshwa. Karani alikula akinitazama. Tangu hapo siki sijaisahau.

Jambo lingine linalonichosha mpaka leo ni migongo. Mtu amebeba magunia ya viazi kutwa, jioni kiuno kinamuuma, anakuja kusema ana figo. Mwingine amelala kwenye baridi ya Mbeya bila blanketi, naye ana figo. Mwingine kagombana na jirani, basi karogwa, na mahali aliporogwa ni kwenye figo. Niliwapima hao kwa mamia, na mikojo yao ilikuwa safi kama maji ya mlimani. Sasa yule ambaye figo zake zimevimba kweli, mara nyingi hana habari. Haumwi mgongo. Anaamka na kope nzito, zinapungua mchana, watu wanasema amelala sana. Anakojoa kidogo, rangi ya chai ya rangi au ya maji yaliyooshewa nyama, naye anadhani ni jua. Anasema kichwa kinamgonga. Huyo haji hospitali. Huyo anabaki nyumbani, na sisi tunapima wabeba magunia.

Na chanzo chenyewe? Hapa ndipo nilipotaka kupasua chupa. Kwa watoto wetu wa nyanda za juu chanzo kilikuwa kinatembea mchana kweupe. Mtoto anapata mafindofindo, koo linavimba, linapoa lenyewe, na baada ya wiki moja au mbili uso unajaa. Au ana upele, anajikuna, makucha yanaingiza uchafu, vidonda vinatoa usaha, vinakauka, mama anafurahi, na wiki tatu baadaye figo zinalipa. Vijidudu vya kooni na vya kwenye vidonda ni ndugu. Mwili unapigana navyo, na vita vinaishia kwenye figo. Kulikuwa na vyanzo vingine, nakubali. Homa za malaria zilizorudirudi bila dawa. Uchafu wa kibofu unaopanda juu, hasa kwa akina mama. Mizizi mikali wanayonyweshwa watoto kwa ajili ya minyoo. Lakini kwa kila mtoto wa hayo, upele na koo vilituletea wengi zaidi. Na ukimwambia mzazi, "Mtibu mtoto upele," anakutazama kama umemwambia amtibu nywele.

Sasa niwaeleze habari ya Musa.

Miaka ile vijana wengi walikuwa wanaandikwa kwenda kufanya kazi migodini, kusini. Kabla ya kuondoka walipimwa hospitalini kwetu. Walikuja kwa makundi, kila mmoja akapewa chupa, akaenda msalani nyuma ya jengo na kurudi nayo. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi imekamata vidole, likaja kundi la watu kama ishirini. Mmoja wao alikuwa kijana mrefu wa Usangu, kifua kipana, jina lake Musa. Alinipa chupa yake bila kunitazama.

Chupa ilikuwa ya baridi.

Nataka mlikumbuke hili kuliko yote ninayosema. Mkojo uliotoka mwilini sasa hivi unapasha chupa vuguvugu. Nilizishika chupa za wenzake wote, zilikuwa vuguvugu, mikono yangu ikazifurahia kwa baridi ile. Ya Musa ilikuwa kama ya kisimani. Niligundua, nikajiambia ni hali ya hewa, nikaendelea. Nilikuwa na chupa ishirini na nilitaka kwenda kunywa chai.

Nilipoichemsha, juu iliganda nyeupe kabisa. Nikatia siki, haikuondoka. Na rangi yake ilikuwa ya moshi. Nilimwonyesha Shomari, akaguna. Nikaandika, Daktari akasoma, Musa akaambiwa figo zake zina ugonjwa, hawezi kwenda popote, arudi baada ya siku mbili kulazwa. Alisikiliza, akavaa shati lake, akatoka. Sikujisumbua kumuuliza lolote. Wenzake wakapita wote.

Siku ya tatu akarudi, akasimama mbele ya meza yangu.

"Nataka kupimwa tena," akasema.

"Umekuja kulazwa," nikamwambia.

"Sijaja kulazwa. Mlikosea. Nipime tena."

Watu wa namna hii tulikuwa nao kila siku, kwa hiyo nilimpa chupa ili aniondokee. Lakini safari hii nilimfuata hadi mlangoni pa msala, nikasimama hapo. Chupa ikarudi ya moto. Nikachemsha. Haikuganda kitu. Nikachukua tyubu nyingine, nikachemsha tena, kisha tena. Maji matupu. Figo haziwezi kupona namna hiyo kwa siku tatu.

 Nilidhani nimebadilisha chupa. Kama ya Musa ilikuwa safi, basi ile iliyoganda ilikuwa ya mmoja wa wale kumi na tisa, na wale walikuwa wameshaondoka kwenda kuvunja miamba chini ya ardhi. Nikamwendea Shomari, nikamwambia nimeua mtu.

Shomari akaweka chini kipande cha kioo alichokuwa anafuta. "Hujaua mtu bado. Siku ile, chupa ya huyu kijana ulipoipokea ilikuwa ya moto au ya baridi?"

 "Ya baridi," nikasema.

"Na wewe ukaipokea."

"Nikaipokea."

Akamwita Musa ndani na kufunga mlango.

"Mwanangu," akamwambia, "mkojo ule wa kwanza ulikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Si wako."

"Kama huu wa leo ni mzuri, niandikieni niende. Wa juzi umeshamwagwa."

Hapo mimi nilianza kupandisha sauti. Nilimwambia kuna mtu ana ugonjwa na hajui, na yeye anasimama hapa anaficha. Akasema tukimwandikia kwanza ndipo atataja. Nilitamani kumshika shingo. Shomari aliinua mkono tu, nikanyamaza.

"Sikuulizi jina," akasema Shomari. "Niambie kitu kimoja. Ni mtu mzima?"

Musa akatazama sakafu. Nadhani mpaka wakati ule hakuwa ameyafikiria maneno yetu kama habari ya mtu. Kwake yalikuwa habari ya karatasi. Niliyaona yakimwingia.

"Ni mtoto," akasema. "Ni mdogo wangu wa kike, Sikitu. Ana miaka kama kumi."

Kisha akaeleza yote. Alipokuwa anachunga ng'ombe kwenye majaruba ya mpunga ya Usangu aliwahi kukojoa damu, kama wachungaji wengi wa kule. Hicho ni kichocho. Aliambiwa na watu kwamba ukiwa na damu migodini hawakuchukui. Damu ilikuwa imekwisha zamani, lakini aliogopa. Kwa hiyo alfajiri ya siku ile alimwambia mdogo wake akojoe kwenye chupa, akaificha ndani ya koti, akapanda lori kuja mjini. Alimchagua Sikitu kwa sababu nyumbani kwao ndiye ambaye hajawahi kuugua.

"Na sasa anaumwa?" nikamuuliza.

"Haumwi. Mvivu tu siku hizi. Hataki kwenda kuteka maji. Akiamka macho yamevimba, mama anasema amelala sana."

"Ana upele?"

Musa akanishangaa. "Nani hana upele? Sisi wote nyumbani tuna upele."

"Vidonda je?"

"Vilikuwapo mikononi. Vilikauka wakati tunavuna mpunga."

Mimi na Shomari hatukutazamana. Hatukuwa na haja.

Daktari alitaka mtoto aletwe siku ileile, lakini gari la hospitali lilikuwa limepeleka mgonjwa Tukuyu. Mimi na Musa tukapata lori lililoleta mbao kutoka Mafinga, sasa linarudi tupu, na njia yake inapita karibu na kwao Musa. Dereva akatushusha barabarani kabla ya saa sita, tukatembea kwa miguu. Musa alitangulia mbele yangu hatua ishirini njia nzima, nadhani ili nisimsemeshe. Alifanya vizuri, kwa sababu nisingemsemesha vizuri.

Mama yake tulimkuta anapepeta mpunga. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye mikono ya kazi. Hakujua Kiswahili sana, lakini Kisangu na Kihehe vinasikilizana mtu akisema taratibu, kwa hiyo tulizungumza. Nikamwambia nimekuja kumwona Sikitu.

Akatabasamu. "Utamwona. Amenenepa."

Mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini, ameegemea ukuta. Uso wake ulikuwa umejaa mpaka macho yamebaki kama mistari miwili. Miguu imejaa, nayo mama ameivalisha shanga. Nikapiga magoti, nikabonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa mguu, nikakiondoa. Shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa. Mikononi, katikati ya vidole, palikuwa na makovu mekundu ya vidonda vilivyopona, na upele mpya juu yake.

Nikamuuliza mama mtoto amekojoa lini. Akasema jana, kidogo. Rangi je? Akasema nyekundu nyekundu, labda ni chakula. Nikauliza anakula nini. Akasema tangu mtoto aanze kuumwa kichwa anampa samaki mkavu wa chumvi, ndiye pekee anayempendeza, na tazama alivyomnenepesha.

Mwaka uliotangulia mavuno yalikuwa mabaya. Mama huyu aliwatazama watoto wake wakikonda, kisha mpunga ukaja, na mmoja akaonekana kunenepa. Nami ndiye niliyetumwa kumwambia kwamba ule si unono, ni maji. Nilisema vibaya. Nilikuwa na haraka na nilikuwa na hasira, nikasema kama mtu anayesoma hukumu. Akakataa. Akasema mtoto mzima hapelekwi hospitali, na kama ni kichwa, atapona.

Kisha akageuka kwa Musa. "Huyu mtu wa hospitali amemjuaje Sikitu?"

Musa akamweleza. Mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza polepole, "Ulichukua mkojo wa mtoto ukawapa watu wasiojulikana?" Kwake jambo likawa limeeleweka lote mara moja: kaka amepeleka mkojo wa mdogo wake mjini, mtu mbaya ameupata, na kichwa kinamuuma mtoto tangu siku hiyo. Nikamwambia kichwa kilianza kabla. Akasema mimi ndiye niliyeuweka motoni, nimejisemea mwenyewe. Na kweli nilikuwa nimejisemea. Nilifikiri kumweleza namna ya kuchemsha kungemtuliza.

Tulibishana labda nusu saa. Sijawahi kuona nusu saa iliyopotea vibaya hivyo. Musa alikuwa akimsihi mama yake kwa Kisangu cha haraka nisichokifuata, mama akilia kwa hasira, nami nikitaja figo, figo, figo, neno ambalo mama yule alilijua kwa ng'ombe aliyechinjwa tu.

Ndipo Sikitu akasema, "Mama, umekwenda wapi?"

Mama alikuwa amesimama mbele yake, hatua moja.

Presha inapopanda sana kwa sababu ya figo, macho yanaweza kuacha kuona kabla ya degedege. Nililijua hilo kwenye daftari. Sikuwa nimeliona. Mama akachuchumaa akamshika mashavu, akamwambia niko hapa, na mtoto akawa anapapasa hewani pembeni mwa uso wake. Mara akakakamaa, akaanza kutikisika.

Hakuna aliyebishana tena. Nilimlaza ubavu, nikamshikilia kichwa mpaka degedege lilipopita. Musa akambeba mgongoni, mama akamfunga kwa khanga, tukaenda mbio hadi barabarani. Lori la kwanza halikusimama. La pili lilitoka Ilula na nyanya, nalo likasimama kwa sababu Musa alikaa katikati ya barabara, akasema ama lisimame ama limkanyage. Mama na mtoto wakakaa mbele na dereva. Mimi na Musa tulikaa juu ya matenga ya nyanya, na dereva alitukumbusha mara mbili tusizibonyeze.

Njiani Musa aliniuliza kitu kimoja tu. "Angekufa lini?"

Nikamwambia sijui. Nilitaka kuwa mkali zaidi, nikashindwa. Alikuwa analia bila sauti, upepo unamkausha.

Degedege lilimrudia Sikitu mara mbili wodini jioni ile. Daktari akampiga sindano za kutuliza mwili, akampa penisilini kwa ajili ya vijidudu vilivyobaki kwenye ngozi, akaamuru alale, asipewe chumvi kabisa, na maji apimiwe kwa kikombe. Hatukuwa na zaidi ya hayo. Siku mbili hakukojoa karibu kitu. Siku ya tatu muuguzi akaja maabara na chupa iliyojaa hadi shingoni, akaiweka mezani kwangu kama mtu anayeleta sikukuu. Macho ya Sikitu yalikuwa yamerudi. Alikuwa anauliza shanga zake ziko wapi.

Lakini msidhani kazi iliishia pale. Uso ulipopungua, mama akaona ni mtoto wake wa kukonda amerudi, akahuzunika. Siku ya sita uvimbe ukaanza tena, nami nikaenda wodini kama polisi. Nikamkuta mama amefungua fundo la khanga, anamnyunyizia mtoto chumvi kwenye viazi. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Anakataa kula. Wewe ungekula?" Nilikuwa nimekula, siku tano, na karani wa posta. Nikaenda kwa mpishi, nikamwomba aanze kupikia wagonjwa wa figo kwa limau, vitunguu na nyanya nyingi. Mpishi akaniambia yeye hafanyi kazi ya Bwana Mkojo. Nikamletea nyanya mwenyewe. Baada ya wiki mbili akasema wazo lilikuwa lake, nikamwacha nalo.

Kila asubuhi niliuchemsha mkojo wa Sikitu. Alipopata nguvu alikuwa anakuja mwenyewe, anasimama kando ya taa akiangalia. Wingu lilikuwa zito, likawa la maziwa, likawa la moshi, likawa kama pumzi juu ya kioo. Wiki ya sita halikuonekana. Akaniambia nimekosea, nirudie. Nikarudia.

Kuhusu Musa, Daktari aliambiwa yote. Alikasirika, kisha akampima upya kwa kila kipimo, na kijana akaandikwa na kundi lililofuata. Aliondoka kabla mdogo wake hajatoka wodini. Barua yake moja ilitufikia, ikimuuliza mama kama Sikitu anakula.

Siku ya kuruhusiwa, mama alikuja maabara. Alikuwa amefunga mizigo. Akasema ana swali, nalo limemkalia tangu siku ile ya nyanya.

"Kama Musa angeleta mkojo wake mwenyewe," akasema, "wewe ungemjuaje binti yangu?"

Nilifikiria kwa haki kabisa. Nilifikiria dirisha letu, foleni yetu, wabeba magunia, na chumba kile tulichokaa tukisubiri watu waje.

"Nisingemjua," nikamjibu.

Hakuonekana kushangaa. "Na wale wengine kule nyumbani?" akauliza. "Wanaojikuna?"

Naungama liliniudhi swali hilo, kwa sababu lilikuwa la kazi yangu na aliyeliuliza si mtu wa kazi yangu. Miezi mingapi nimeketi nikilalamika kwamba wagonjwa wa kweli hawaji, na sijawahi kusimama nikawafuata. Shomari, aliyekuwa kwenye hadubini, hakuinua kichwa. Alisema tu, "Mjibu mama wa watu, Zakaria."

Jumatatu iliyofuata Daktari alituruhusu. Mimi na Shomari tulipanda lori na taa ya spiriti, sanduku la tyubu, chupa ya siki na debe la mafuta ya salfa ya upele. Mama Musa alikuwa ameshawakusanya watoto. Alikuwa ameanza kuwasugua kwa sabuni na maji ya moto tangu alfajiri, wengine wanapiga kelele, na nguo zao zote zilikuwa zinachemka kwenye pipa. Shomari akakunja mikono ya kanzu, akapaka salfa watoto wa watu kwa saa tatu, akiwasahihisha Kiswahili. Mimi nikaweka taa yangu juu ya kinu kilichopinduliwa, nikawasha, nikawaita mmoja mmoja, na kila chupa niliishika kwanza kiganjani kabla ya kuiuliza lolote.

Nyingi zilikuwa safi. Mbili ziliganda, na siki haikuliondoa wingu.

Nikainua kichwa nione ni za akina nani. Walikuwa wavulana wawili, wembamba, hawana uvimbe hata kwenye kope, wanakimbiza mpira wa matambara nyuma ya ghala. Nikawaita. Hawakusikia. Nikawaita tena kwa nguvu, na mmoja akasimama, akaniangalia kwa uchovu wa mtu anayesumbuliwa bure, akaniuliza kama ninaweza kusubiri wamalize.